Laptopu mpya ya kukunja imeshindwa na T480 yangu ya 2018. Mnaielezaje hii?

#1 Mwl_Kokotoo
Wakuu, salamu. Mimi ni mwalimu wa Hisabati. Jioni narekodi vipindi vya kidato cha nne na kuwarushia wanafunzi. Miaka minne nimetumia ThinkPad T480, ile ya 2018: prosesa ya Intel i5-8350U ya kizazi cha 8, RAM 16, betri mbili. Mashine nene kama kauntabuku ya kwaya nne, lakini haijawahi kuniangusha.

Mwezi uliopita nikavuta nyembamba ya kukunja, ile ambayo kioo kinageuka nyuzi 360 inakuwa kama tableti. Chapa siitaji, aliyeniuzia yumo humu na ni mtu mwema. Prosesa ni kizazi cha 11, i5-1135G7, RAM 8, kioo inchi 13.3, unene chini ya milimita 15, ina peni yake. Peni ndiyo iliyoniponza. Naandika moja kwa moja kwenye kioo, naachana na ubao na chaki.

Jumamosi nikazishindanisha. Kipindi kimoja cha dakika 40, HandBrake (programu ya kubana video), mipangilio ileile. T480 dakika 22. Mpya dakika 31. Nikarudia: 22 na 33. Cha ajabu, dakika nne tano za mwanzo mpya ilikuwa mbele kabisa, kisha ikalegea kama mtu aliyeshiba ugali saa saba mchana.

Nimepigwa au kuna kitu sikijui? Nawasilisha.

#2 PesaMbili
Chai hiyo mwalimu. Kizazi cha 11 kishindwe na cha 8? Labda uliishika saa kichwa chini.

#3 FundiSolda
Si chai. Wanaletwa kwangu kila wiki wakiwa na malalamiko hayohayo.

Iko hivi. Zote mbili zina kori 4 na nyuzi 8 za kazi, kwa hiyo hakuna iliyoizidi nyingine kwa idadi ya vibarua. 1135G7 inaweza kupanda hadi GHz 4.2, ya zamani inaishia 3.6. Lakini ule mwendo wa juu unakula umeme, na umeme wote unaishia kuwa joto. Intel wenyewe wameiacha 1135G7 ipangwe kuanzia wati 12 hadi 28, anayeamua ni mtengeneza laptopu. Kwenye mwili wa milimita 15 feni ni kama sarafu na bomba la joto ni jembamba. Ikianza inakimbia, joto likijaa inashushwa mpaka pale mwili unapoweza kuhimili. T480 ina milimita karibu 20, ina nafasi ya kupumua.

Mwalimu, T480 yako iliwahi kubadilishwa pesti ya prosesa, ile dawa inayopitisha joto kutoka kwenye chipu?

#4 Mwl_Kokotoo
Ndiyo mkuu, mwaka jana, pamoja na kupuliza vumbi.

#5 FundiSolda
Basi unashindanisha aliyetoka gereji na ambaye hajafunguliwa tangu azaliwe.

#6 mamaZuu
Mnazunguka bure, ni RAM. 16 dhidi ya 8. Tena hizo nyembamba nyingi RAM imechomelewa kwenye madabodi, huwezi kuongeza hata ulie. T480 ina sloti mbili, unachomeka unachotaka. Mimi nilinunua ya kukunja yenye 4 kwa ajili ya binti yangu wa chuo, kila akifungua Word na kivinjari anapata muda wa kwenda kuchota maji.

#7 Mwl_Kokotoo
mamaZuu, nilifunga kila kitu, HandBrake peke yake. RAM ilikuwa imetumika kama 5 hivi, haikujaa. Halafu ingekuwa RAM, mbona dakika za mwanzo iliongoza?

#8 KijanaWaLuthuli
Niaje watu wa Bongo. Swali moja tu kwa mwalimu: chaja gani? Ile iliyokuja nayo ama umechomeka yoyote kwa sababu shimo ni USB-C? Huku Nairobi nimeona watu wakichomekea laptopu chaja ya simu, taa inawaka, wanadhani mambo ni sawa. Mashine inaona umeme ni kidogo, inajibana isiishiwe. Usilaumu prosesa kabla ya kuuliza stima inatoka wapi.

#9 mkongwe_wa_05
Vijana, hili si jipya. Nimekuwa na laptopu za kugeuza tangu ThinkPad X41 Tablet ya 2005, iliyokuwa na shingo moja katikati kama kuku. Unakizungusha kioo, unakilaza juu ya kibodi. Nene, nzito, lakini tulijiona tumefika.

Hizi za kukunja nyuma nyuzi 360 Lenovo aliziingiza na IdeaPad Yoga mwaka 2012, wakati wa Windows 8. Sasa sikilizeni mkasa unaofanana na wa mwalimu. Yoga 2 Pro ilikuwa na milimita 15.5 na prosesa ya kawaida ya wati 15. Mwaka 2014 ikaja Yoga 3 Pro, milimita 12.8, na bawaba kama mkanda wa saa, vipande 813 vya chuma na alumini. Nzuri mpaka unaogopa kuigusa. Lakini ili waibane vile wakaweka prosesa ya Core M ya wati 4.5, na feni wakaitoa kabisa. Wapimaji walipoziweka pamoja, kwenye kazi ndefu mpya ilikuwa nyuma ya ile iliyoirithi. Betri nayo walikuwa wameipunguza. Kwa hiyo mwalimu hujarogwa. Umenunua wembamba, na wembamba una bei yake.

#10 BintiRuwi
Shikamoo babu. Umesema vyema ila hapo kwenye feni umeteleza. Yoga 3 Pro feni ilikuwa nayo, ndogo tu. Nimeifungua mwenyewe nilipokuwa nafanya kazi duka la matengenezo hapa Muscat. Ya Core M isiyo na feni unayoifikiria huenda ni MacBook ya inchi 12 ya 2015.

#11 mkongwe_wa_05
Marahaba mwanangu. Kweli, nimechanganya. Uzee huu, hata mimi siku hizi sina feni.

#12 PesaMbili
Hahaha. Babu kajishusha wati.

#13 ChiziLinux
Nimesoma mpaka hapa hakuna aliyeuliza swali la kwanza: HandBrake ulichagua njia gani ya kubana video, x264 au Quick Sync? Kama ni x264, kazi yote inabebwa na kori za prosesa, na hapo unapima feni zaidi ya kitu kingine. Ukichagua Quick Sync kazi inaenda kwenye kisehemu maalumu ndani ya chipu, joto linakuwa dogo. 1135G7 ina sehemu ya michoro ya Iris Xe, ya T480 ni UHD 620. Hapo mpya itaikalia ya zamani.

La pili. Baadhi ya laptopu nyembamba zina kihisi kinachojua kama mashine iko mapajani au mezani. Ikidhani iko mapajani inashusha wati ili isikuunguze. Kwenye ThinkPad zenye kitu hicho Linux inakuonyesha waziwazi, kuna kifaili kinaitwa dytc_lapmode, ukisoma ukakuta 1 ujue mashine inaamini umeipakata. Windows haikwambii chochote.

La tatu, weka Linux.

#14 mamaZuu
Nilijua la tatu litakuja.

#15 FundiSolda
[Amenukuu #13] Hiyo ya kihisi ni kweli lakini haimhusu kila mtu. Mwalimu kasema dakika nne tano ilikwenda vizuri kisha ikashuka. Kihisi hakisubiri dakika tano. Hiyo ni joto.

#16 KijanaWaLuthuli
Ama chaja. Betri ikiwa imejaa inasaidia chaja dhaifu kwa dakika chache, halafu mashine inajikaza. Buda, mbona mwalimu hajajibu swali langu?

#17 Mwl_Kokotoo
Nilikuwa darasani jamani. Majibu kwa mpangilio:

Ni x264. Sikujua kama kuna tofauti, niliacha kama nilivyoikuta.

Chaja... hapa mtanisamehe. Iliyokuja nayo niliiacha shuleni. Nilitumia ya simu ya mke wangu, imeandikwa wati 33. T480 nilitumia ya kwake, wati 65.

Nimerudia leo kwa chaja yenyewe: dakika 28. Imepungua, lakini 22 bado iko mbali. Naweka na picha ya mahali ninapofanyia kazi muone kama kuna kosa.

#18 KijanaWaLuthuli
Nilisema. Soda yangu itumwe.

#19 FundiSolda
Soda ya nini? Dakika tatu kati ya tisa. Sita zilizobaki bado ni zangu.

#20 BintiRuwi
Nyie wanaume mnagombania soda, hakuna aliyeitazama picha. Hebu itazameni. Laptopu imekaa juu ya nini?

#21 PesaMbili
Meza ya sebuleni.

#22 BintiRuwi
Juu ya meza kuna nini?

#23 PesaMbili
Aaah. Kitambaa cha kufuma! Cha maua ya njano kabisa!

#24 BintiRuwi
Ahsante. Nyembamba nyingi zinavuta hewa kwa chini, na vimiguu vyake ni vifupi. Ukiiweka juu ya kitambaa cha sufu imezama, pua imezibwa. Huku kwetu kiangazi nje nyuzi 45, tunajua thamani ya kila tundu la hewa. Wateja wangu nikiwauliza "unaitumia wapi", nusu yao wanasema kitandani.

#25 mamaZuu
Mwalimu, usije ukamwambia shemeji kwamba tatizo ni vitambaa vyake. Kaa na dakika zako 28.

#26 kidato4_mateso
Samahanini wakubwa, shikamooni. Mimi ni mwanafunzi wa huyu mwalimu, nimemjua kwa kile kitambaa maana kinaonekana kwenye video zote. Mwalimu, video mbili za mwisho kuna mvumo nyuma, tulidhani ni jenereta la jirani. Za zamani hazikuwa nao. Halafu ile ya Probability tunaisubiri tangu Jumatatu.

#27 FundiSolda
Shahidi huyo! Mvumo ni feni. Feni inapiga kelele maana yake joto. Nafunga kesi.

#28 ChiziLinux
Hufungi kitu. Kelele ya feni inakwambia kuna joto, haikwambii limetoka wapi. Kuzibwa kwa tundu, pesti iliyokauka, na wati zilizopangwa juu kupita mwili, zote zinatoa mvumo uleule.

#29 Mwl_Kokotoo
Kidato, Probability inakuja. Na wewe humu unafanya nini saa hizi?

#30 kidato4_mateso
Najisomea mwalimu.

#31 mkongwe_wa_05
Tukiwa tunamngoja mwalimu arudie vipimo, niulize: kwa nini mtu auze T480? Betri moja ya ndani ya Wh 24 (wati-saa, ndio ujazo wa betri), nyingine ya nje unachomoa mashine ikiwa inawaka. Ukiwa na ile kubwa ya Wh 72 nyuma, umeme unakatika asubuhi unarudi jioni wewe unaendelea. Ina tundu la kebo ya mtandao. Ina tundu la kadi ya kamera. Na Windows 10 iliyofungiwa pazia 14 Oktoba 2025 haijaiua, kwa sababu kizazi cha 8 ndipo mlango wa Windows 11 ulipoanzia. Waliobaki nje ni wenye T470 na kurudi nyuma.

#32 mamaZuu
Mzee unaisifia utadhani unalipwa. Kioo chake je? Kuna zile T480 zenye kioo cha 1366 kwa 768, ukikitazama kwa pembeni mtu anageuka rangi ya maini. Mwalimu anaandika kwa peni, T480 haina hiyo habari. Halafu kama ana RAM 16 ya kijiti kimoja, hata picha yake inatambaa. Yangu ilikuja na kijiti kimoja cha 8, nikaongeza cha pili, video zikaacha kukwama. Prosesa ni ileile, nilichokifanya ni kuifungulia njia ya pili.

#33 ChiziLinux
[Amenukuu #32] Sahihi. Michoro ya ndani ya Intel haina kumbukumbu yake, inakopa RAM. Kijiti kimoja ni mlango mmoja. Ndiyo maana hata hizo Iris Xe, ukizikuta kwenye mashine yenye kijiti kimoja tu, Windows inaziita UHD tu. Mwalimu, yako mpya ikiandika Iris Xe ujue milango yote miwili iko wazi.

#34 PesaMbili
Mimi bado natafuta chapa. Inchi 13.3, kizazi cha 11, peni. Mwalimu, peni inalala ndani ya mwili au inanasa pembeni kwa sumaku?

#35 Mwl_Kokotoo
Usinitege.

#36 Mwl_Kokotoo
Haya, matokeo. Jana usiku nimekaa nayo mpaka saa sita. Chaja yenyewe, mezani bila kitambaa, dirisha wazi.

x264: mpya dakika 25, T480 dakika 22.
Quick Sync: mpya dakika 6, T480 dakika 9. Faili limekuwa kubwa kidogo, ila kwa macho yangu maandishi ya ubaoni yanasomeka vilevile.

Nikajaribu pia kuikunja kama hema, kibodi chini, tumbo likiangalia juu. x264 ikatoka 24. Mvumo bado upo.

Imeandika Iris Xe. T480 nimekuta vijiti viwili vya 8.

#37 ChiziLinux
Kwa hiyo kwa kazi yake halisi mpya imeshinda, tena mbali. Kosa lilikuwa kwenye mtihani.

#38 FundiSolda
Na kwa kazi nzito ya prosesa bado imeshindwa na mashine ya 2018. Lete hapa Kariakoo nibadilishe pesti, uone kama haishuki 20.

#39 KijanaWaLuthuli
Pia weka kwenye nguvu kamili kwa mipangilio ya betri. Nyingi zikitoka kiwandani zinakuwa katikati. Nina rafiki alihangaika miezi miwili, kumbe ni kile kidude tu.

#40 BintiRuwi
Fundi, nyembamba ukiifungua uwe na moyo. Nimeona betri zilizogundishwa na vikebo vya kioo kama uzi wa sindano. Kwa dakika tatu za tofauti mie singeifungua. Mwalimu, chumba kilikuwa na joto gani?

#41 Mwl_Kokotoo
Sina kipimajoto, dada yangu. Dar, mwezi huu, saa nne usiku, shati limenigandia mgongoni.

#42 BintiRuwi
Basi na chumba kimo kwenye hesabu. Huku kwenye kiyoyozi cha nyuzi 22 nyembamba hizohizo zinakaa juu muda mrefu zaidi. Wanaozipima kwenye video za YouTube hawako Dar.

#43 FundiSolda
T480 ilikuwa chumba kilekile!

#44 mkongwe_wa_05
Mwenye mwili mkubwa anavumilia jua, fundi. Umesema mwenyewe kwenye #3.

#45 mamaZuu
Naomba niulize la pembeni. Peni hizi, binti yangu ameshapoteza mbili. Kuna anayejua kama peni ya chapa moja inakubali kioo cha chapa nyingine?

#46 ChiziLinux
Inategemea lugha ya kioo. Kuna Wacom AES, kuna MPP ya Microsoft, kuna zinazosema zote mbili. Angalia kwenye maelezo ya modeli, ukiona AES nunua ya AES. Ukinunua kwa kuangalia umbo tu utapata kijiti cha kukorogea chai.

#47 mamaZuu
Shukrani. Kijiti kimoja cha chai tayari ninacho.

#48 PesaMbili
Mwalimu, T480 unaiuza? Laki sita naleta leo.

#49 Mwl_Kokotoo
Jana saa tatu na robo umeme ulikatika nikiwa katikati ya Probability. Nikamalizia kuhariri kwenye T480. Ongea na mtu mwingine.

#50 kidato4_mateso
Mwalimu video imefika, ahsante. Mvumo umepungua. Ila dakika ya 31 ulisema 3/8 ukaandika 5/8.

#51 Mwl_Kokotoo
Nimeona. Narekodi upya kipande hicho.

Fundi, nilitaka kuja Kariakoo leo. Kabla ya kutoka nikapima tena x264: dakika 29. Nikaanza kukuamini habari ya pesti, maana mpangilio ni uleule wa juzi, chaja ileile. Kisha nikainua mashine kuiweka kwenye begi.

Kitambaa kimerudi. Sijakirudisha mimi.